Ngome ya korosho

"Baba, mbona mimi nina kitunda, yeye hana kitu, halafu simu inasema sare?"

Binti yangu huyo, juzi, anacheza sataranji kwenye simu. Nikaangalia. Kitunda chake, ile kete ndogo kabisa, kiko pembeni kabisa mwa ubao, na mfalme wa mpinzani ameshawahi kona. Nikamwambia kitunda cha pembeni ndivyo kilivyo, mwenzako akishaiwahi ile kona humtoi. Hakuniamini. Nikaanza kumsimulia habari za Mjomba, lakini sikufika mbali, akahamia kwenye katuni. Basi nawamalizia nyie.

Mjomba wangu, yule wa Shangani, Mtwara. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno, kwa hiyo aliponikataza kucheza sataranji nzima sikuwa na pa kukatia rufaa. Alifagia ubao, akabakiza wafalme wawili na kitunda kimoja, na hapo tukakaa karibu likizo yote. Wafalme wanatazamana, katikati yao mraba mmoja. Anayelazimika kusogea ndiye anayepisha njia. Baadaye akaongeza kete za ngome, moja kila upande. Wacheza bao wa baraza la jirani wakipita wanauliza kete nyingine tumeweka rehani kwa nani.

Moja ilikuwa imepotea kweli. Zilikuwa kete za kuchonga, nyeusi zote za mpingo, nzuri mpaka unaogopa kuzishika, ila ngome moja nyeusi haikuonekana tena. Mahali pake tuliweka korosho ghafi, na ganda lake.

Sasa jioni ile. Ni miaka ya bomba la gesi, Mtwara imejaa wageni na kodi za vyumba hazishikiki. Kijana mmoja wa mitambo akasimama barazani, akaomba mchezo. Mjomba akanisukumia mimi. Mwanzo siukumbuki, ila najua kete zilinipukutika, mpaka nikabaki na mfalme na korosho. Yeye ana mfalme, ngome, na kitunda cha katikati kilichokwisha kuvuka nusu ya ubao.

Nikamweka mfalme wangu mbele ya kitunda. Korosho nikailaza safu ya tatu kutoka kwangu, kama komeo. Mfalme wake hana pa kuvukia. Anasogeza ngome huku, mimi nasogeza korosho kushoto. Anairudisha, narudi kulia, safu ile ile. Mjomba akakohoa, sikumtazama. Ganda lilikuwa limeanza kuteleza kwa jasho la vidole vyangu. Mgeni akachoka kusubiri, akasukuma kitunda mbele, kikaingia kwenye safu yangu.

Nikaiteremsha korosho mpaka mwisho wa ubao, nyuma ya mfalme wake. Cheki, yaani mfalme wake anashambuliwa. Akasogea. Cheki tena. Pale ambapo mfalme angejificha pamekaliwa na kitunda chake mwenyewe, na akiifukuza korosho, kitunda kinabaki yatima. Cheki. Akaichukua ile korosho, akainusa, akairudisha palepale.

"Sare, mdogo wangu," akasema. "Na korosho!"

Ulinzi ule, nilikuja kusoma ukubwani, aliuandika Philidor, Mfaransa aliyekuwa pia mtunzi wa opera, mwaka 1777. Kwa Mjomba ulikuwa tu "kaa safu ya tatu, tulia."

Mgeni akataka mchezo wa pili. Huo hata kahawa haikupoa: nilikufa ubao ukiwa bado umejaa kete, na Mjomba akacheka mpaka akafuta machozi. Nikamuuliza kwa hasira, mianzo, zile hatua za kufungulia mchezo, atanifundisha lini? Akasema tutafika huko, kwanza tumalize askofu na farasi dhidi ya mfalme peke yake. Kumbe ule mwisho, hata ukicheza bila kosa, unaweza kula hatua 33, na sheria inakupa 50 tu.

Hatukufika huko kwenye mianzo. Mpaka leo sijui kama alinifundisha kucheza au kugoma kushindwa. Kazini wananisifu kwa subira. Mke wangu anasema ni ubishi, na yeye ndiye anayeishi nami.