Mwavuli Mweusi Msituni Amani

Nimerudi jana usiku kutoka Amani, ule msitu wa milima ya Usambara mkoani Tanga, viatu bado vina tope, na tangu alfajiri nimekaa na picha zangu. Naandika kabla sijasahau.

Mara ya kwanza nilikwenda Januari, mbingu nyeupe, jua la utosi. Niliamini jua kali ndiyo neema ya mpiga picha. Nilipozifungua picha nyumbani nilihuzunika: kila moja ina madoa, huku nyeupe pe, kule nyeusi tii, uso wa mwenzangu umechorwa mabaka kama chui. Jicho la mtu linamudu kivuli na jua kwa pamoja. Kamera haimudu, lazima kimoja kipotee.

Safari hii nimekwenda masika. Mawingu yameshuka mpaka kwenye vilele vya miti, manyunyu hayakatiki. Nilimkuta yule mzee anayetuongozaga njia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo ndiyo umekuja siku yenyewe."

Na kweli. Wingu linausambaza mwanga, unafika mpaka chini kwenye mizizi, na kila jani linabaki na rangi yake. Shida ni kwamba majani yaliyolowa yanameta kama bati jipya. Hapo ndipo nilipoiona kazi ya filta ya polaraiza, kioo cha kukata mng'aro: unaizungusha polepole mbele ya lenzi huku unatazama, mng'aro unakatika, kijani kinarudi. Ila inakula mwanga, shata, kile kipazia cha kuingizia mwanga kwenye kamera, inabidi ikae wazi muda mrefu, na bila tripodi, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, picha itatikisika tu. Upepo nao usubiri utulie.

Karibu na kijito mzee alinionyesha jiwe lenye ukoga wa kijani, na juu yake maua matano ya zambarau. Ni Saintpaulia. Mwaka 1892 Mjerumani aliyetawala wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwao, na mwaka uliofuata likapewa jina lake. Leo liko kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, lakini rafiki zangu wengi wa Tanga hawajawahi kuliona kwenye jiwe lake. Jambo hili linaniuma, na ndilo linalonifanya nitake kulipiga vizuri.

Nililala kifudifudi, lenzi ikawa usawa wa ua. Ukilipiga umesimama unapata doa la zambarau kwenye tope. Ukishuka, unaona vinywele vyeupe pembeni mwa jani, kila kimoja na tone lake, na vile vifuko viwili vya chavua, manjano kama kiini cha yai la kienyeji. Nikaondoa kijiti kimoja kikavu kilichokatiza nyuma. Ua lenyewe sikuligusa, wala ukoga.

Ghafla wingu likapasuka, mwali ukaangukia jiweni, kwenye kamera petali zikaungua, nyeupe tupu kwa mwanga kuzidi. Nilitaka kufunga begi. Mzee hakusema neno. Alifungua mwavuli wake mweusi, akausogeza mpaka kivuli kikalifunika jiwe lote. "Piga sasa." Shata ikakaa wazi robo sekunde, pumzi nimeibana. Ndiyo picha ninayoitazama sasa hivi, na sijawahi kupiga nyingine kama hii.

Mbega walinishinda. Manyoya meusi na meupe juu ya mti, nyuma mbingu tupu: kamera inaiona mbingu, inatia giza kila kitu, mbega anabaki kivuli chenye mkia. Nikipandisha mwanga, mbingu na mkia vinaungua pamoja. Afadhali kungoja washuke chini, majani yawe nyuma yao.

Jioni ukungu ulipanda kutoka bondeni. Msitu ule mnene, ambao kila ukiupiga unapata fujo ya matawi, ukajipanga wenyewe: mti wa mbele mweusi, wa pili kijivu, wa tatu kama moshi. Nilichagua mti mmoja tu, nikakaa nao karibu saa nzima. Hondohondo wakapita juu, mabawa yanavuma, sikuinua kamera.

Ile ya maua nimeshaipeleka kusafishwa, saizi kubwa. Jumamosi nitampelekea mzee, masika hayajaisha bado.