Dar hadi Mwanza na watoto: nini kiende tumboni mwa ndege, nini kibaki mkononi

Dar hadi Zanzibar ni kama dakika 20 angani. Dodoma ni kama saa moja, Mwanza na Mbeya hukaribia saa moja na nusu. Kwa muda huo mtoto hana cha kumchosha sana. Anayechoka ni yule aliyeamshwa Mbagala saa tisa usiku, akasimama foleni ya ukaguzi, akangoja ndege iliyochelewa saa mbili, kisha akatua Songwe akaambiwa Mbeya mjini bado kuna zaidi ya kilomita 20 za barabara. Kwa hiyo hesabu ya vitu ianzie mlangoni kwenu hadi mlango wa mnakofikia. Wazazi wengi hufunga mizigo kwa ajili ya ile saa moja ya angani, wakaishiwa nepi kabla hata ya kupanda.

Nepi zina kanuni rahisi: jumlisha saa zote za safari, gawanya kwa tatu, ongeza mbili. Safari ya saa tisa, chukua tano. Zile zilizochafuka huleta shida ya pili, kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, na hamna haja ya kuitafuta. Kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana linatosha, lile lile la kuwekea maandazi, mradi lisirudi jikoni.

Vitambulisho viwe kwenye pochi moja, na pochi hiyo ibebwe na mtu mmoja. Watu wazima wabebe kitambulisho cha taifa, pasipoti, au kadi ya mpiga kura au leseni ya udereva kama shirika linazikubali. Watoto wabebe cheti cha kuzaliwa. Jina la kwenye tiketi lifanane na la kwenye cheti. Mtoto aliyeandikishwa Abdulrahman na kukatiwa tiketi ya “Dulla” atawaweka kaunta mpaka foleni yote iwachukie. Mtoto aliye chini ya miaka miwili hupakatwa na hulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli, lakini akitimiza miaka miwili kabla ya siku ya kurudi, tiketi ya kurudi inahitaji kiti chake. Mtu mzima mmoja hapakati watoto wawili, kwa hiyo mama wa mapacha ahakikishe kuna mtu mzima mwingine, au mmoja wa watoto akatiwe kiti. Mtoto akisafiri na shangazi au dada wa kazi, ni busara abebe barua ya mzazi na nakala ya kitambulisho cha mzazi huyo.

Tiketi huandika saa za kizungu. 10:00 ni saa nne asubuhi. Mweleweshe bibi mapema, maana akisoma mwenyewe atajiandaa kwa saa kumi jioni. Tazama pia mnaondokea jengo gani: uwanja wa Julius Nyerere una majengo matatu ya abiria, na Jengo la Kwanza, ambako ndege nyingi ndogo huondokea, liko mbali na mengine. Kutoka moja kwenda jingine na watoto na mabegi ni kuchukua gari tena.

Sasa kilo. Tiketi nyingi za daraja la kawaida huruhusu kilo 23 za kupakia kwa kila mwenye kiti na kilo 7 hivi za mkononi, ila kuna tiketi za bei ya chini zenye pungufu ya hapo, na ndege ndogo za aina ya Cessna Caravan huwa kilo 15 na hutaka begi laini. Soma tiketi yako, usiulize jirani. Familia iliyokata tiketi pamoja mara nyingi huruhusiwa kujumlisha kilo, lakini begi moja halipaswi kuzidi kilo 32, kwa sababu kuna binadamu anayelinyanyua. Begi gumu la magurudumu peke yake, tupu, hula kilo tatu hadi tano. Kwa watu wanne hizo ni kilo 12 na zaidi zilizoliwa na mabegi matupu. Kwenda kijijini na zawadi za sukari na sabuni, “shangazi kaja” ni jepesi zaidi, ila zipu yake hukatika na mshono wa mpini hufumuka. Lizungushe kamba ya katani mara mbili, na liandike jina na namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito nje na ndani.

Kupima nyumbani ni rahisi. Panda kwenye mzani wa bafuni ukiwa umebeba begi, kisha bila begi, toa. Acha kilo moja ya akiba, kwa kuwa mzani wa nyumbani na wa kaunta haukubaliani kila siku.

Kosa linaloumiza ni kumpa kila mtu begi lake. Changanyeni. Nguo za baba ziende nusu kwa la mama, za watoto zigawanywe kote. Ndege za mapangaboi kama ATR na Dash 8 hubanwa na uzito, na ikijaa watu, mizigo mingine inaweza kubaki ije na ndege inayofuata. Begi moja likibaki, kila mtu bado ana cha kuvaa kesho.

Kwa hoja hiyo hiyo, dawa haziendi tumboni mwa ndege. Begi la mkononi libebe sharubati ya paracetamol na kijiko chake cha kupimia, pakiti mbili za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kumnywesha anayeharisha (changanya na maji safi na salama kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, usizidishe wala usipunguze), dawa za kila siku za wazee zitakazotosha siku tatu, kadi za bima, nguo moja ya kubadilisha ya kila mtoto, na sweta. Sweta msilidharau. Mbeya mwezi Juni na Julai usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na mtoto wa Dar hushuka ngazi za ndege akiwa na kaptula. Ongeza khanga mbili. Hiyo ndiyo blanketi, pazia la kunyonyeshea, mbeleko na kitambaa cha kufutia, yote kwa gramu chache.

ATR na Dash 8 zina viti viwili kila upande, Airbus A220 ina viwili na vitatu, Boeing 737 vitatu na vitatu. Familia ya watano kwenye ATR lazima igawanyike. Kwa hiyo begi moja kubwa la “vitu vya watoto” ni mtego: litakaa kwa mama, na mtoto mwenye kiu yuko kwa baba safu tatu nyuma. Fungeni vifuko viwili vidogo, kila mtu mzima awe na cha mtoto aliye naye. Vikae chini ya kiti cha mbele, kwa maana makabati ya juu ya ATR ni madogo na begi gumu la magurudumu mara nyingi halitoshi. Litachukuliwa pale ngazini likapakiwe nyuma, pamoja na maziwa yaliyomo.

Chakula kiwe kikavu na kisicho na mchuzi: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, karanga kwa waliozidi miaka mitano. Hewa ndani ya ndege hupungua mgandamizo ikipanda, hivyo kila kitu kilichofungwa na hewa ndani hutaka kutoka. Chupa ya mrija ikifunguliwa angani hurusha maji usoni. Mtindi wa kikopo huvimba, ukitobolewa humwagikia jirani. Fungua vifuniko taratibu ndege ikishapanda, vikiwa vimesimama wima, hewa itoke, kisha ubane tena. Ndege ikianza kushuka, dakika 20 hadi 30 kabla ya kutua, ndipo masikio huuma. Mchanga anyonyeshwe au apewe chupa, mkubwa apewe pipi ya kunyonya au maji kidogo kidogo. Wengi humaliza maziwa wakati wa kupaa na hawabakizi kitu cha kushukia. Aliyelala, mwamsheni.

Pawabenki ibaki mkononi daima, kamwe isipakiwe, na isizidi wati-saa 100, yaani kama mAh 27,000. Mtungi wa gesi, mkaa, petroli, spiriti na dawa ya mbu ya kupuliza haviendi popote ndani ya ndege. Kisu cha jikoni na mkasi viende kwenye begi la kupakia. Mpira na vigari vya kuchezea viacheni: vikidondoka, huviringika hadi kwa rubani. Katuni zipakueni simu ikiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, na hedifoni mbebe, kwani mapangaboi yana kelele.

Mnaporudi kuna jambo la zawadi. Mwanza inatoa sato na dagaa, Kyela mchele, Bukoba senene. Acheni nafasi ya kilo 10 tangu mnapoondoka, au kunjeni shangazi kaja moja tupu ndani ya begi. Samaki wagandishwe usiku kucha mpaka wawe mawe, wafungwe karatasi za gazeti tabaka tatu, waingie boksi la povu, lizungushwe utepe wa gundi pande zote. Msitie barafu ya vipande, huyeyuka, na boksi linalovuja maji hukataliwa kaunta.