Nilivyosomesha Kiingereza Kizimkazi baada ya kulitupa kopo la faini

Nianze na kopo. Lilikuwa la maziwa ya unga, nimelitoboa tundu kwenye kifuniko, nikaliweka mezani mbele ya wanafunzi wangu kumi na wanne usiku wa kwanza, nikatangaza: humu ndani Kiswahili marufuku, kila neno shilingi mia. Nikajiona mwalimu khasa. Wazo halikuwa langu. Nililitoa kwenye semina, kwa mkufunzi aliyetwambia kwamba Kiswahili ndicho kinachokiua Kiingereza cha watoto wetu. Tukaandika daftarini, sote na utu uzima wetu. Hakuna aliyeuliza mbona sisi wenyewe tulitundikwa vibao shingoni skuli kwa kosa hilo hilo la kusema Kiswahili, na Kiingereza kisituingie hadi tulipokuja kukihangaikia ukubwani.

Wanafunzi wangu hawakuwa watoto. Walikuwa manahodha na mabaharia wa boti za pomboo, wanawake watatu wanaowapikia wageni, na kijana mmoja wa bara anayelinda nyumba ya wageni. Masika boti zinalala, wageni wachache, basi tukakutana baada ya Isha kwenye banda la kuwekea mashine za boti. Mimi mjini ndiko nilikozaliwa, huku Kizimkazi, kusini mwa Unguja, nimeolewa. Wengi wao wamefika Fomu Tuu, na masomo ya huko husomeshwa kwa Kiingereza, kwa hiyo utamkuta mtu anajua fotosinthesisi lakini hajui kumwambia mgeni ainamishe kichwa asigonge mti wa turubai.

Kopo lilifanya kazi yake: darasa likanyamaza. Wiki nzima watu wakisema kwa nyusi. Ukiuliza, unajibiwa "yes", ukiuliza kinyume chake, unajibiwa "yes". Wiki ya pili wakabaki tisa. Usiku mmoja nahodha mzee, aliyekaa nusu saa nzima anatazama mlango, akasimama, akatoa noti mbili za elfu moja, akaziweka mezani karibu na kopo, akasema: "Mwalimu, mjukuu wangu anaumwa, nataka ruhusa niende."

Maneno saba. Alikuwa ameyatafuta kwa Kiingereza nusu saa hakuyapata, na mimi mbele yake nilikuwa nauliza rangi ya embe.

Kesho yake kopo nikalifungua, zile pesa tukanunulia kahawa na kashata, na kopo lenyewe nadhani mtu alilifanya la kutekea maji botini. Mjukuu alipona, alhamdulillahi, ilikuwa homa tu.

Tangu hapo Kiswahili kikawa ndicho cha kuanzia. Nikitaka jambo jipya, naeleza maana kwa Kiswahili maneno mawili matatu, kisha Kiingereza tunakifanyia kazi mpaka kitoke jasho. Dakika moja ya maelezo, kumi za kusema. Wale waliokimbia wakarudi, mmoja na mkewe.

Lakini ninachojivunia khasa ni sauti, na hapa mniwie radhi nitarefusha. Kila kitabu cha walimu kitakwambia sauti ya mwanzo ya "think" na ya "this" ndizo zinazowashinda wageni wa Kiingereza. Mfaransa anasema "sink", Mjerumani "zis". Nami nikawaiga waandishi wa vitabu, nikaleta kioo, nikaanza kueleza ulimi unakaa wapi. Watu wakanitazama kwa huruma. Bi mmoja wa mapishi akaniuliza, "Mwalimu, si thaa hii?"

Si thaa hiyo! Watu hawa wamekalishwa kwenye jamvi la chuo cha Kurani tangu wana miaka mitano, maalim anawasahihisha herufi za Kiarabu, thaa isiwe siin, dhaal isiwe zaa, ncha ya ulimi iguse ncha za meno ya mbele ya juu. Ulimi umeshalipiwa ada. Nikafuta ubao wote, nikaandika maneno mawili: THUMNI na DHAHABU. "Think, three, thousand, thank you" ni thaa ya thumni. "This, that, mother, the" ni dhaal ya dhahabu. Robo saa, kazi imekwisha. Mmoja alizidisha, akaitamka "this" kwa dhwadi nene kama anasalisha Tarawehe, tukamrudisha taratibu. Kijana wa bara, ambaye kwao ni selasini na zahabu, alitaka wiki mbili zaidi, na aliyemsomesha ni yule bi, si mimi.

Nilipoona njia hiyo inapita nikaingia kwenye irabu. Sisi irabu zetu ni tano, ndefu na fupi hatuzipambanui, basi "live" na "leave" kwetu ni mtu na pacha wake. Nahodha anawatangazia wageni kwamba anaishi saa kumi na mbili, badala ya anaondoka. Mwingine, kwa fakhari, boti yake akiiita "ship", ila kwa namna alivyoivuta ikawa "sheep", alikuwa akiwaambia watu kondoo wake ana mashine mbili. Nikawaambia: "leave" ina madd, ule mvuto wa kisomo cha Kurani, ivuteni harakati mbili, "live" haina, ikateni. Wakacheka, wakavuta. Najua mtaalamu atasema tofauti si urefu tu, mdomo nao hubadilika, na kweli niliwaambia kwenye ile ndefu watabasamu kidogo, kwenye fupi walegeze. Lakini madd ndiyo iliyofungua mlango.

Siku chache baadaye maalim wa chuo akaniita. Nikavaa buibui langu jipya, nikaenda nimejiandaa kuomba radhi kwa kuchezea elimu ya watu. Akaniuliza kama kuna nafasi ya mtu mmoja darasani. Alikaa nyuma masika yote, anasahihisha.

Vitabu vilivyokuja na semina sikuvitupa, lakini mazungumzo ya kwanza yalikuwa ya familia inakata tikiti ya treni. Treni! Ile ya mjini kwenda Bububu ilikufa kabla bibi yangu hajazaliwa. Nikageuza: badala ya stesheni, ufukwe, badala ya tikiti, bei ya boti. Mmoja mgeni, mmoja nahodha, na kila mmoja nampa karatasi yenye siri yake. Ya mgeni imeandikwa pesa alizonazo, ya nahodha imeandikwa bei asiyoweza kushuka. Mtu hasemi kama hana anachokitaka. Siku hiyo walibishana kwa Kiingereza kibovu cha kupendeza mpaka majirani wakaja kuamua ugomvi.

Saa nazo. Huu ni msiba wa zamani. Nahodha mmoja aliwaambia wageni wake "two o'clock", akikusudia saa mbili ya asubuhi, akawangoja mpaka jua likapanda. Wao wakaja baada ya chakula cha mchana, wamejipaka mafuta, wakati bahari imeshachafuka. Walimu wengi huwafundisha watu kujumlisha sita au kutoa sita, na mtu aliye na mashine mkononi hana nafasi ya hesabu. Mimi nilileta saa ya ukutani nikawaambia: kwa Kiswahili unasoma namba iliyo mkabala na mkono mfupi, kwa Kiingereza soma ile ile unayoiona. Basi. Usiliulize jua.

Sentensi ndefu ninazisomesha kwa kuanzia mkiani. Ukianza mbele, mtu anafika katikati pumzi imekwisha. "Would you like to see the dolphins tomorrow morning?" tunaivuta kama kamba ya nanga: "morning", kisha "tomorrow morning", kisha "the dolphins tomorrow morning", mpaka nanga imetoka yote. Faida yake ni kwamba kila unaporudia unaelekea mahali unapopajua.

"He" na "she" ndiyo iliyonitoa jasho, na sitadai nimeshinda. Kwetu yeye ni yeye, awe mume awe mke. Nahodha alimtambulisha mkewe kwa wageni: "This is my wife, he is cooking." Nikaleta kofia na kanga. Anayesimulia akisema "he" lazima awe ameshika kofia, akisema "she" kanga, akikosea anavishwa. Yule bwana alimaliza usiku mmoja amejitanda kanga kichwani. Sasa anakosea mara moja kwa siku, na akikosea anajishika kichwa.

Na miaka. Wageni wakipelekwa msikiti wa Dimbani, wenye maandishi ya Kikufi kwenye kibla, wanataka kujua ulijengwa lini. Maandishi yanasema mwaka 500 Hijria, ndio 1107 Miladia. Watu wangu walikuwa wakianza "one thousand one hundred and...", mgeni ameshaangalia kwengine. Nikawaambia mwaka ni samaki, mkateni vipande viwili: 11 na 07, "eleven oh seven". Vita vya Waingereza na Sultani vya 1896, ambavyo havikufika hata saa moja na wageni hupenda kuvisikia, ni 18 na 96. Mapinduzi ni 19 na 64. Kisha mmoja akauliza 2005, akajijibu "twenty oh five", nikamwacha. Mgeni atafahamu.

Gharama? Plaiwudi nilipewa, rangi nyeusi ilikuwa bakaa ya boti, chaki elfu mbili tatu, taa ya sola ya kuazima. Kahawa ndiyo iliyokula pesa. Labda elfu thelathini masika nzima, labda zaidi, mume wangu asisome hapa. Ukitaka kujaribu, usianze na watu zaidi ya kumi na tano, na usimsahihishe mtu mzima mbele ya mwanawe.

Msimu ulipoanza nilikuwa napita ufukweni asubuhi, na yule nahodha mzee anapandisha wageni wanne botini. Aliponiona akasimamisha kila kitu, akaita kwa sauti ya kuitia meli:

"Teacher! My change!"

Sikufahamu. Akahesabu kwa vidole mbele ya wageni wake, bado kwa Kiingereza: nilimpa mwalimu elfu mbili, nikasema maneno saba tu.

"One thousand, three hundred," akamaliza, na mara zote mbili ulimi ukatoka vizuri mbele ya meno.

Nikafungua pochi.