Mtoto akilala, wewe unalala?

Saa 10:45 alfajiri

Naamka kabla ya adhana. Huu ndio muda pekee wa siku ambao hakuna anayeniita sista, mama wala dada, kwa hiyo naulinda sana. Nabandika chai, nasukuma chapati mbili za binti yangu kwenda nazo shule, kisha nakaa kwenye kigoda cha jikoni bila kufanya lolote kwa dakika kumi hivi. Mimi ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya hapa Tanga mjini, upande wa kliniki ya mama na mtoto, mwaka wa 12 sasa. Ninayoandika ni ya Jumanne iliyopita. Ilikuwa siku ya chanjo, na bado haijanitoka moyoni.

Saa 1:20 asubuhi

Nikifika, mabenchi yameshajaa. Wengine wamewahi foleni tangu saa 12, mtoto mgongoni, kadi ndani ya mfuko wa plastiki isilowane. Nawahesabu, kama kawaida yangu: wanawake 43, wanaume watatu. Wanaume hao tutawahudumia kwanza pamoja na wake zao, ndio utaratibu wetu wa kuwavuta baba waje.

Saa 1:45

Elimu ya afya kabla ya huduma. Mada za kila siku mnazijua: kunyonyesha, chandarua, uzazi wa mpango. Zamani nilikuwa namalizia kwa kusema, "Na mwenye dalili za sonona aje anione." Hakuja hata mmoja. Sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, ni neno la redioni na kwenye mabango. Hapa mtu husema ana mawazo, moyo unamwenda mbio, kichwa kama kinachemka, mwili umekufa ganzi. Anapewa panadol anarudi nyumbani.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 kati ya kila 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, na kubwa zaidi ni sonona. Nikiwatazama 43 walioko mbele yangu, hao ni kama wanane. Wanane, na wote wamevaa vizuri, wamefunga vitambaa, wananiitikia "tumeelewa, sista".

Ndiyo maana siku hizi siulizi habari ya sonona. Nauliza hivi: mtoto akilala, wewe unalala? Kila anayenyonyesha hukosa usingizi kwa kuwa mtoto anamwamsha, hilo halina ajabu. Ila yupo ambaye mtoto amelala, nyumba nzima imelala, na yeye yuko macho anatazama dari. Huyo ndiye ninayemtafuta. Swali hili peke yake halitoshi kumpima mtu, mimi nalitumia kupiga hodi tu. Nikishauliza nasema, "Jibu lako njoo nalo chumbani, usilitoe hapa."

Saa 3:00

Mizani. Watoto wananing'inia ndani ya suruali ya kupimia, wanalia, mama zao wanacheka au wanageuka pembeni. Wiki ya 6, ya 10, ya 14, matone na sindano. Kisha miezi 9, surua na rubela. Mikono inafanya kazi yenyewe, ila macho nayaacha kwa mama: anamtazamaje mtoto anapolia? Anamnyanyua haraka, au anamsubiria mtu mwingine amnyanyue?

Saa 4:20

Wa zamu ya 19 aliingia na mama mkwe wake. Binti wa miaka 22, uzazi wa kwanza, mtoto wa wiki 6. Mtoto alizaliwa na kilo 3.1, na mizani ilisoma 3.5. Kwa wiki 6 hiyo ni kidogo mno.

Bibi hakunisubiri nikae.

"Sista, mimi nasema ukweli mbele yake. Mtoto huyu amebemendwa."

Binti akainamisha kichwa. Kwa msomaji asiyeijua tuhuma hii: watu wengi huamini kwamba wazazi wakikutana kimwili wakati mama ananyonyesha, na hasa mmoja wao akitoka nje ya ndoa, mtoto atadhoofika. Ukiambiwa umembemenda mtoto umeambiwa wewe ni mchafu na pia wewe ndiye unayemuua. Sijui neno jingine linalomwingia mzazi kwa kina kama hili. Nimewaona wakilimeza mbele yangu mara nyingi.

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Naomba utusaidie kumpeleka mjukuu pale barazani apate upepo, nimpime damu mama yake." Akatoka. Damu kweli niliipima, ilikuwa 8.7, ndogo. Lakini kwanza nilifunga mlango.

"Mdogo wangu, mtoto akilala, wewe unalala?"

Akatazama lile bango la uzazi wa mpango, la Nyota ya Kijani, ukutani kana kwamba jibu limeandikwa pale.

"Nafunga macho tu, sista. Nasikiliza kama anapumua."

"Usiku kucha?"

"Usiku kucha. Naona nikilala nitaamka nimkute amekufa."

Hali hiyo ilianza kitovu kilipodondoka. Chakula anakiona kama udongo. Kunyonyesha ananyonyesha mara nne, tano kwa siku, kwa sababu kila akimshika mtoto mikono inatetemeka anaogopa kumwangusha. Mama yake mzazi alishafariki, kwa hiyo hakwenda kujifungulia kwao Lushoto kama dada zake. Kukandwa maji ya moto amekandwa, uji wa pilipili manga amepikiwa. Hakuna aliyemnyima kitu. "Ndiyo maana naona haya, sista. Nimetendewa kila kitu na bado nalia."

Nikatoa karatasi ya maswali 10 ya kupima sonona kwa waliojifungua. Maswali haya yametumika duniani tangu 1987, yanauliza habari za siku saba zilizopita, na alama zake mwisho ni 30. Nilimsomea moja moja kwa Kiswahili cha nyumbani. Akapata 19, nyingi. Swali la 10 linauliza kama umewahi kuwa na wazo la kujidhuru. Baadhi ya wenzangu hulikwepa, wanaogopa kumtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Aliye nalo huwa amelibeba peke yake kwa muda mrefu, na ukimuuliza kwa upole mara nyingi anashusha pumzi.

Naye alishusha pumzi. "Kuna usiku namwomba Mungu nisiamke. Kujifanya kitu, hapana, sijafikiria. Mtoto atabaki na nani?"

Kisha akalia. Kwetu mzazi akilia wote humwambia nyamaza, utakausha maziwa. Mimi sikumwambia nyamaza. Nilisogeza kiti, nikamshika kiwiko, tukakaa. Msaidizi wangu aligonga mlango mara mbili kuniambia foleni imesimama. Foleni ikasimama.

Alipotulia akauliza kwa sauti ya chini sana: "Mtanipeleka Lutindi?"

Lutindi ni hospitali iliyoko milimani Korogwe, imetibu wagonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka 100, na imewasaidia wengi. Lakini anayeitaja hivi haulizi habari ya matibabu, anauliza kama tayari ameshakuwa kichaa. Nikamwambia hapana, na nikamweleza tofauti. Kulialia siku za mwanzo huwapata wazazi wengi, homoni zinaposhuka ghafla baada ya kondo kutoka, na huisha ndani ya wiki mbili. Yake imepita hapo, hii inatibika, na dawa za kutumia huku ananyonyesha zipo. Kile watu wanachokiita kichaa cha uzazi ni kitu kingine: mtu anasikia sauti, anaona wasivyoviona wengine, anaongea yasiyoeleweka, na mara nyingi huanza siku za mwanzo kabisa baada ya kujifungua. Huyo hasubiri kesho, anakimbizwa hospitali saa hiyohiyo. "Wewe hauko huko," nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, sina hakika aliamini.

Saa 5:15

Nikaomba ruhusa yake, nikamwita mama mkwe. Si mtu mbaya, nataka hili lieleweke. Ndiye anayechota maji, ndiye anayefua nguo za mtoto. Nilimwonyesha kadi, mstari wa uzito ulipokatika. Nikamwambia mtoto haongezeki kwa sababu ananyonya mara chache, na ananyonya mara chache kwa sababu mama yake hali chakula, halali usingizi na damu yake imepungua. Kitanda cha mwanao hakihusiki hata kidogo.

Aliigeuzageuza ile kadi. "Kwa hiyo si kubemenda."

"Si kubemenda, mama. Mke wa mwanao ni mgonjwa."

"Ningempeleka kisomo?"

"Kisomo mpelekeni, hakuna anayewakataza. Na hospitali ya mkoa, Bombo, kesho asubuhi mje."

Tulikubaliana kwa usiku ule: bibi amchukue mtoto kuanzia saa 3 hadi saa 8 usiku, amlete kwa mama kunyonya tu kisha amwondoe. Chumbani binti asiachwe peke yake. Daktari wa zamu alimwona, akaandika rufaa ya kliniki ya afya ya akili hospitali ya mkoa, na vidonge vya kuongeza damu nikampa mwenyewe.

Mume nilimpigia simu. Ni kijana wa bodaboda, aliegesha pikipiki pembeni ndipo akanisikiliza. Nilipomaliza alikaa kimya, kisha akasema, "Dada, mimi nilidhani amenichukia."

Saa 8:00 mchana

Chakula. Mihogo na chachandu, tumesimama. Mwenzangu wa meza ya uzazi wa mpango ananieleza habari ya mteja aliyeanguka kwenye foleni: amejifungua miezi miwili iliyopita, na tangu wiki ya tatu yuko gengeni kwa sababu ya mkopo wa kausha damu unaolipwa kila siku. Mwajiriwa ana siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akizaa pacha. Muuza genge ana sifuri. Tunaweza kumfundisha namna ya kuvuta pumzi na kutulia, na anayemdai atakuwa mlangoni saa 12 asubuhi palepale. Linanikasirisha kila mara. Kliniki haiwezi kuandikia dawa ya deni.

Saa 9:00

Vitabu vya MTUHA, vya kujazia takwimu za huduma. Nikishamaliza vya serikali, nafungua daftari langu la kawaida, lile la shilingi mia tano. Humo naandika tarehe tu: huyu wiki ya 10, yule wiki ya 14. Chanjo ndiyo inayowarudisha. Mwanamke anaweza asirudi kwa ajili yake mwenyewe hata umbembeleze vipi, lakini kwa sindano ya mwanawe atakuja, mvua inyeshe. Anapokuja, nakuwa na mlango wa kumuuliza tena.

Saa 10:30 jioni

Natembea kwenda nyumbani badala ya kupanda bajaji. Binti yangu nilimzaa mwaka 2016. Kwa miezi minne nilikuwa naoga huku nimefungua bomba hadi mwisho ili mtu asisikie nalia. Nilimweleza aliyekuwa kiongozi wangu kazini, akanijibu, "Wewe ni nesi, unajua la kufanya." Sikujua. Nilijua kifafa cha mimba, nilijua kutokwa na damu, nilijua kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya. Hili nilifundishwa kwa saa chache chuoni na kulijibia mtihani. Aliyeniokoa ni shangazi yangu wa Muheza. Alikuja kwa wiki moja akakaa miezi miwili, na kila jioni alikuwa akinitoa nje kwa mkono, tunazunguka mtaa, hanihoji.

Baadaye sana nilisoma utafiti uliochapishwa 2008 kutoka vijijini Pakistan. Wahudumu wa afya wa kawaida, wanawake wasio wataalamu wa magonjwa ya akili, walifundishwa kuwatembelea wajawazito na wazazi wenye sonona majumbani na kuzungumza nao kwa mpangilio maalumu. Baada ya miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa 23 kwa 100. Kwa wale ambao wahudumu wao hawakupewa mafunzo hayo, walikuwa 53. Nilimfikiria shangazi nikalia tena, safari hii bila kufungua bomba. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wetu wanawajua wazazi wote kwa majina. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye maneno machache, nimemwomba apite kwa yule binti kila Alhamisi.

Saa 3:20 usiku

Binti yangu amelala. Nampigia mume wa yule binti. Anapokea kwa mlio wa kwanza.

Wako barazani, anasema, yeye na mkewe. Mama amemchukua mtoto chumbani kwake, kama tulivyoelewana. Mkewe amekunywa uji nusu bakuli.

"Amelala kidogo?"

"Bado, dada. Lakini amekaa hapa na mimi."

Namwambia asimlazimishe, akae naye hivyohivyo. Kesho kutwa niko zamu, kesho nimeomba ruhusa ya muda wa saa mbili. Saa 2 asubuhi nitawasubiri pale getini Bombo.