Gemu iliyonifungia kabatini

Jamani nimerudia Alien: Isolation, gemu ya 2014 hiyo, na bado nikiicheza usiku lazima taa iwake. Watu wanadhani gemu ya kutisha ni damu na makelele, hapana bwana, kinachotisha ni kutojua lile dude la anga za juu linalokuwinda liko wapi. Huliui. Bastola haisaidii kitu, ile ya kurusha moto inalifukuza tu halafu linarudi. Na waliotengeneza ni wajanja kweli, kuna sehemu ya programu inajua ulipo muda wote ila dude lenyewe halijui, linapewa fununu tu kwamba uko upande huu, basi linakuja kutafutatafuta lenyewe, ndo maana hata ukirudia mara kumi haliji vilevile. Mi nimejificha kabatini nabana pumzi kwenye gemu, kumbe nabana na yangu ya kweli, sebuleni kwangu hahaha. Halafu kusevu sasa! Unachomeka kadi kwenye kimashine cha ukutani, unasubiri taa tatu ziwake, na gemu haisimami ng'o, linaweza kukutoboa mgongo hapohapo. Ila ni ndefu mno, kule mwishoni wameivuta tu.