Goti la mtoto likivimba, macho nayo yapimwe

Mtoto wa miaka mitatu anaamka asubuhi, hawezi kuchuchumaa chooni, na anateremka vipandio vya mawe vya Mabatini, Mwanza, akitanguliza mguu uleule kila hatua. Ikifika saa nne anakimbizana na wenzake. Majirani wakimwona hivyo wanasema anadeka. Hadeki. Kiungo chenye uvimbe wa ndani hukakamaa kikilala na hulainika kikitumika, ndiyo maana baridi yabisi ya utotoni huonekana alfajiri na kujificha mchana. Mtoto mdogo mara nyingi halalamiki maumivu. Anaacha tu kufanya jambo alilolizoea. Maumivu ya kawaida ya watoto wanaokua huja jioni au usiku, miguu yote miwili, bila uvimbe, na asubuhi mtoto anatembea vizuri.

Jina lenyewe limewafanya wengi walaumu upepo wa ziwa na sakafu ya saruji. Baridi haileti ugonjwa huu. Ni kinga ya mwili inayoshambulia utando wa ndani wa kiungo. Huitwa wa utotoni ukianza kabla ya miaka 16, ukidumu wiki 6 au zaidi, na sababu nyingine zikitafutwa zisipatikane. Sharti hilo la mwisho ndilo zito huku Kanda ya Ziwa.

Kiungo kimoja chenye moto, homa kali, na mtoto hataki hata kiguswe: hayo ni maambukizi ya usaha mpaka ithibitike vinginevyo. Aende hospitali siku hiyohiyo, kiungo kivutwe maji kwa sindano kabla ya antibayotiki kuanza. Kifua kikuu cha kiungo huenda polepole, goti moja au nyonga moja, msuli wa paja ukikonda. Mtu akikichoma steroidi, dawa inayotuliza uvimbe kwa kufifisha kinga, akidhani ni baridi yabisi, anawafungulia wadudu njia. Selimundu iko nyingi katika mikoa yetu, na mtoto aliyevimba viganja na nyayo kabla ya miaka miwili apimwe hiyo kwanza. Saratani ya damu nayo huanza kama maumivu ya mifupa: usiku, makali kuliko uvimbe unaoonekana, mtoto amepauka. Hapa ndipo tunapowasihi watu wa maduka ya dawa muhimu waache kutoa prednisoloni au deksamethasoni kwa mtoto anayechechemea. Steroidi huituliza saratani ya damu kwa muda, vipimo vinachanganya, na wiki za thamani zinapotea. FBP, yaani kipimo cha chembe zote za damu, itangulie.

Homa ya baridi yabisi ni jamaa wa karibu kwa jina na hata kwa asili, maana nayo ni kinga iliyokosea njia. Mtoto, mara nyingi wa miaka 5 hadi 15, huumwa koo. Baada ya wiki mbili tatu kinga iliyotengenezwa dhidi ya bakteria wa koo hilo inashambulia viungo na moyo. Maumivu huhama: leo kifundo cha mguu, kesho kutwa kiwiko. Viungo hupona vyenyewe, valvu za moyo hubaki na kovu. Kuchanganya haya mawili kunaumiza pande zote: mwenye baridi yabisi ya kudumu atachomwa penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka bila faida, na mwenye homa ya baridi yabisi atakosa sindano hizo zinazolinda moyo wake. Kipimo cha ASO, kinachotafuta alama za bakteria hao kwenye damu, kikiwa juu hakitoshi kuamua. Watoto wengi waliowahi kuumwa koo wanacho juu. Moyo upimwe kwa ekokadiografia, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti.

Kuna aina moja ya baridi yabisi ya utotoni inayostahili kutengwa: ile inayoanza na homa ya mwili mzima. Joto hupanda kupita nyuzi 39 mara moja kwa siku, aghalabu jioni, kisha hushuka lenyewe mpaka kawaida, kwa wiki mbili au zaidi. Vipele hafifu hutokea homa ikipanda na kufutika ikishuka, na kwenye ngozi nyeusi ni rahisi kuvikosa. Mtoto wa hivi anaweza kumaliza dozi tatu za malaria. Kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya kupona, kwa sababu kinasoma protini iliyobaki kwenye damu. Vimelea vitafutwe kwa darubini. Homa ikigeuka ya kutwa nzima, chembe sahani (zinazogandisha damu) zikashuka na fizi zikavuja damu, hiyo ni dharura. ESR, kipimo cha damu cha uvimbe mwilini, inaweza kushuka wakati huo huku mtoto akizidi kuzama, na asiyejua atadhani anapona.

Kwa aina zilizobaki, maswali kuhusu ukoo yana kazi kubwa. Baadhi ya jeni zinazohusika, hasa za kundi la HLA na nyingine iitwayo PTPN22, huhusika pia na kisukari aina ya kwanza, magonjwa ya tezi ya shingo na baridi yabisi ya watu wazima. Kwa hiyo muulize mama: kuna mwenye rovu au anayetumia dawa za tezi? Kuna aliyeanza insulini utotoni? Baba ana soriasisi, magamba kwenye viwiko na kichwani? Swali la mwisho linaweza kubadili hata jina la ugonjwa. Mtoto mwenye kiungo kilichovimba, kucha zenye vishimo vidogo, na mzazi mwenye soriasisi, anahesabiwa kuwa na baridi yabisi ya soriasisi hata kama ngozi yake mwenyewe ni safi.

Watoto wengi wenye baridi yabisi hawapati ugonjwa wa pili wa kinga, wala hatuoni haja ya kuwatoa damu kwa kila kitu. Tunachotaka ni wazazi wazijue dalili. Kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kuanza tena kukojoa kitandani: sukari ipimwe siku hiyohiyo. Asiyerefuka, mzito, anayehisi baridi, mwenye shingo iliyojaa: tezi. Kuhara kwa muda mrefu na upungufu wa damu usiosikia dawa kunaweza kuwa ugonjwa wa siliaki, unaochochewa na ngano. Usimkatie mtoto chapati na maandazi kabla ya kipimo, kitadanganya. Damu kwenye choo inaweza kuwa ugonjwa wa utumbo, lakini kwa mtoto anayeoga ziwani anza na kichocho. Vidonda kinywani, nywele kukatika, wekundu mashavuni na protini kwenye mkojo vinaelekea kwenye lupasi, ugonjwa wa kinga kushambulia viungo vingi vya mwili.

Kuhusu dawa, tahadhari kubwa ni methotreksati, inayotumika ibuprofeni au sindano ya steroidi ndani ya kiungo zisipotosha. Hunywewa MARA MOJA KWA WIKI. Kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Mtoto wa kilo 16 hivi hupata vidonge 3 au 4 vya miligramu 2.5. Chagueni siku, iandikwe kwenye kopo, na asidi ya foliki isikosekane. Ikinywewa kila siku huua uboho. Septrin, antibayotiki, nayo hugongana na methotreksati vibaya, kwa kuwa zote hunyima mwili foliki: vidonda mdomoni na chembe nyeupe kuporomoka. Kila ukienda duka la dawa, kopo liende nawe. Nafuu huja baada ya wiki 6 hadi 12, na FBP, ini na figo hupimwa mwezi wa kwanza au wa pili, kisha kila miezi mitatu.

Nyumbani, asubuhi mkande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na mkunjue goti taratibu. Usiku usiweke mto chini ya goti, litagandia limekunjika. Kuchuliwa kwa nguvu hakufai.

Sasa macho. Uvimbe wa ndani ya jicho unaoandamana na ugonjwa huu mara nyingi hauna wekundu wala maumivu, na mtoto wa miaka minne hajui kwamba anaona ukungu. Ukichelewa, mboni hushikana na lenzi na kupoteza uduara, kisha mtoto wa jicho na presha ya macho. Walio hatarini zaidi ni wenye viungo vichache vilivyovimba, walioanza kuugua kabla ya miaka 7, wenye ANA (kingamwili fulani ya kwenye damu) chanya. ANA haithibitishi baridi yabisi, watoto wengi wenye afya wanayo. Kazi yake hapa ni kupanga ratiba ya macho. Hao wapimwe kwa darubini maalumu ya jicho kila miezi mitatu kwa miaka minne ya mwanzo, wengine kila miezi 6 hadi 12. Tochi haitoshi. Goti kupona hakumaanishi jicho limepona, na dawa zikisimamishwa macho yaangaliwe ndani ya miezi miwili. Anayevuka kutoka Ukerewe au Sengerema kuja hospitali ya Bugando, Mwanza, aombe kliniki ya viungo na ya macho ziwekwe wiki moja, na tarehe ya macho iandikwe kwenye kadi siku ileile jina la ugonjwa linapoandikwa.