Kaburi la Speke, kanisa la kijijini kwao na mahame ya bibi yangu

Juzi umeme umekatika nikiwa katikati ya kusoma habari za kijiji kimoja cha Uingereza kinaitwa Dowlish Wake, kiko Somerset, kadogo kwelikweli, wakazi hawafiki hata 300, yaani mtaa mmoja tu wa hapa Tabora mjini unakimeza na nafasi inabaki. Kuna kanisa la mawe, la Mtakatifu Andrea, kuna daraja jembamba la zamani walilokuwa wanapitisha farasi wa mizigo, kuna watu wanaotengeneza pombe ya matufaha, basi. Kilichonipeleka huko ni kaburi.

Humo kanisani amezikwa John Hanning Speke, yule mpelelezi wa Kiingereza. Wenyeji wa Tabora mnamjua, hata kama jina lilishawatoka tangu darasa la sita. Huyu alifika hapa kwetu Novemba 1857 na mpelelezi mwenzake Richard Burton, enzi hizo wenyewe wanapaandika Kazeh, wakapokelewa na Mwarabu mfanyabiashara, Snay bin Amir. Februari 1858 wakafika Ujiji na macho ya Speke yanamuuma vibaya, ziwa lenyewe la Tanganyika hakuliona sawasawa, fikiria umetembea miezi yote ile kutoka pwani halafu unafika unaona ukungu! Wakarudi Kazeh, na Julai Speke akaondoka na msafara kuelekea kaskazini bila Burton, tarehe 3 Agosti akasimama mbele ya Nyanza, akalipa jina la malkia wao, Victoria. Septemba 1864 bunduki yake mwenyewe ikamuua akiwa kwenye kuwinda, ikiwa imebaki siku moja tu apande jukwaani mjini Bath kubishana na Burton habari za chanzo cha mto Nile. Alikuwa na miaka 37. Wakamzika kwao, na waliokuja mazikoni mmojawapo ni Livingstone, huyo huyo ambaye miaka minane baadaye alikuja kukaa kwenye lile tembe la Kwihara ambalo watoto wa shule wanapelekwa kuliangalia.

Sasa Speke kuwa na kaburi zuri sishangai, alikuwa mtu wa ukoo mkubwa. Kilichonitoa usingizini ni wale wengine. Jina la Wake hapo kijijini ni la ukoo uliokuwa unamiliki ardhi zamani, na mama mmoja wa ukoo huo, Isabel Wake, wamemchonga kwa jiwe akiwa amelala, toka miaka ya 1300 mpaka leo yumo mle kanisani. Na hata hao achana nao, ni matajiri. Ngoja niwaambie habari ya mkulima wa kawaida wa Kiingereza, kibarua asiye na ng'ombe wala kiwanja.

Mwaka 1538 Thomas Cromwell, aliyekuwa mtu wa karibu wa mfalme Henry wa Nane, alitoa amri kila parokia iwe na kitabu, na kila Jumapili padri aandike nani kabatizwa wiki ile, nani kaoa, nani kazikwa. Kitabu kikae kwenye sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa padri, mwingine kwa wazee wa kanisa, ili asiwepo mtu wa kukichezea peke yake. Baadae kufuli zikawa tatu. Sio kila parokia imebaki na vitabu vyake vya mwanzo, panya na unyevu vipo kila mahali, ila ndo maana Mwingereza wa leo, babu zake wakiwa vibarua watupu, anaweza kurudi nyuma miaka 300 au 400 jina kwa jina ndani ya kijiji kimoja. Halafu toka 1754 bwana na bibi harusi wakawa lazima waweke saini kitabuni, asiyejua kuandika anachora alama ya X.

Hapo kwenye X nilisimama kidogo. Babu yangu alikuwa mkulima wa tumbaku na kadi yake ya ushirika tunayo mpaka leo kwenye kopo la biskuti, mahali pa saini pana dole gumba la wino wa zambarau, limepauka pembeni lakini mistari ya ngozi unaihesabu. Hilo dole ndo kitu pekee ambacho babu aliandika maisha yake yote.

Na wapagazi je? Speke hakubeba mzigo, waliobeba ni watu, na Wanyamwezi ndo walikuwa wenye hiyo kazi, walishaijua njia ya pwani kabla Mzungu hajaiona. Sidi Mubarak Bombay aliyewaongoza anatajwa, chama cha wanajiografia cha London kilimpa mpaka medali ya fedha, na alistahili jamani, Myao aliyekamatwa utotoni akauzwa mpaka India akarudi huru. Ila wale wa nyuma yake waliotwishwa shanga na vitambaa, wengi hawana pa kutafutiwa.

Ndo maana Jumamosi nilichukua daftari la kaunta, nikampakia shangazi kwenye bodaboda, tukaenda kwenye mahame ya bibi. Kijiji kilihamishwa 1974 wakati wa Operesheni Vijiji, watu wakaambiwa wasogee barabarani, wakabeba milango na mbuzi, makaburi hayabebeki. Imebaki miembe mitatu, jiwe la kusagia limezama nusu ardhini, na makaburi yenyewe, vichuguu vya mawe chini ya nyasi. Shangazi ana miaka 78, akavua kandambili akaanza kunionyesha kwa fimbo nani kalala wapi.

Na hapo nikagundua sisi rejista tulikuwa nayo, imo kwenye majina. Huyu Mabula, kazaliwa mvua inanyesha. Hawa Kulwa na Doto, mapacha, Kulwa ndo alitangulia, na huyu Shija kafuata baada yao, kwa hiyo hata kama hakuna aliyeandika unajua nani mkubwa nani mdogo. Niliandika majina kumi na manane, shangazi anasema mimi naandika, akichoka tunakaa kwenye jiwe tunakunywa maji.

La mwisho lilikuwa kichuguu kidogo, mawe manne tu. Nikauliza jina, akasema hakupewa, alikaa siku nne akaondoka, msimu wa kuvuna karanga, yeye shangazi mwenyewe alikuwa hajaota meno ya pili. Nikaandika: mtoto wa kike, siku nne, msimu wa karanga. Akaniambia, "Hebu nisomee baba." Nikamsomea. Akanyamaza kidogo akiangalia yale mawe, halafu akasema, "Ongeza, alikuwa mweupe, kafanana na mama." Nikaongeza.